Banda Katikati ya Viwanja Vitatu

Familia yetu inagawana tena kihamba chetu cha Kirua Vunjo, na safari hii mstari wa mgawo unapita ndani ya banda la ng'ombe. Nguzo nne za mringaringa zinaangukia kwa baba mdogo, mbili kwetu watoto wa marehemu kaka yake, na shimo la samadi kwa shangazi. Vijana wanashauri banda libomolewe ili kila mtu abaki na kiwanja safi cha kujenga. Shangazi, ambaye ng'ombe wawili waliomo ndio mshahara wake, hajasema kitu. Mimi nimepewa kazi ya kuandika muhtasari wa kikao, na kabla ya kuandika neno "kubomoa" nimeifuatilia historia ya banda lenyewe.

Zamani halikuwepo, kwa sababu ng'ombe walilala ndani. Msonge wa Kichagga, ule ambao nyasi zake zilishuka hadi chini, ulikuwa na sehemu ya watu na sehemu ya mifugo, na moto humohumo. Vihambani ng'ombe hawakuachwa wajichungie, maana nafasi hiyo haikuwepo. Walifungwa, wakaletewa majani na vipande vya migomba, na samadi yao ikarudi kwenye migomba ileile. Kama kuna mpango wa kwanza wa matumizi ya ardhi Uchaggani, ulikuwa ndani ya nyumba ile: kila kiumbe na mahali pake, chini ya paa moja.

Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, ng'ombe bado alikuwa mwenzetu wa nyumbani. Baadaye nyumba za pembe nne zilienea, ng'ombe akatolewa nje, na hapo ndipo banda lilipozaliwa. Kahawa ikalipa kazi zaidi. Wakulima wa mlima walipounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na KNCU ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1930, mbuni ulikuwa umekaa kando ya mgomba nao ukihitaji samadi. Bei ya kahawa ilipoanguka mwaka 1989, baada ya mpango wa kimataifa wa kugawa mauzo kusimama, maziwa ndiyo yaliyolipa ada katika nyumba nyingi, yetu ikiwemo.

Wakati huo ardhi ilikuwa imekwisha kubanwa. Juu kulikuwa na msitu wa hifadhi, chini mashamba ya walowezi. Mila ilimpendelea mtoto wa kwanza na wa mwisho. Wa kati walitafuta kihamba kipya kwingine. Kwingine kulipokwisha, masale yakaanza kupandwa katikati ya vihamba vya zamani, mpaka mmoja juu ya mwingine.

Sasa vijana wanasema banda halifai kwenye makazi, kana kwamba kuna sheria iliyokwisha kulihukumu. Nimeitafuta sheria hiyo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992, zilizotungwa chini ya sheria ya mipango miji ya mwaka 1956, ziliweka kikomo cha ekari 3 na kukataza kuchunga mifugo mjini. Ng'ombe wafugwe bandani. Nilipozisoma nilicheka. Ng'ombe wa Kirua walikuwa wakiishi hivyo kabla Moshi haijawa mji. Hata hivyo, kihamba chetu ni ardhi ya kijiji, na anayeisimamia ni halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999.

Neno "kiwanja" limepanda kwetu kutoka barabara ya Moshi na Himo, pamoja na vigingi vya wapima ardhi. Kiwanja kinauliza nyumba itakaa wapi. Kihamba kinauliza pia majani yatapita wapi, samadi itakwenda kwa nani, na maji ya mfereji yatamfikia nani. Kwa miaka mingi shangazi alibeba majani kichwani kutoka shamba la tambarare, akipita njia ambayo kwenye ramani ya vijana haipo. Banda likiachwa na njia ikazibwa, litakuwa limebomolewa polepole.

Sheria ileile ya 1999 ina mambo mawili yanayotuhusu. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kwa hiyo sehemu ya shangazi si hisani ya kaka zake. Pili, haki miliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mtu mmoja, na inaweza kutolewa kwa familia. Hatulazimiki kukata kila kitu vipande vitatu.

Kikao ni baada ya Krismasi, wote wakiwa wamepanda nyumbani. Nimeandaa pendekezo la kusoma: kila mmoja apewe hati ya sehemu yake ya kujenga, banda, shimo la samadi na njia ya majani viandikwe kwa jina la familia, na matumizi yake yawe ya anayefuga. Anayefuga leo ni shangazi. Nitamwomba azungumze wa kwanza, kabla baba mdogo hajafungua kikao kwa sala ndefu.