Majeraha ya moto: Jinsi picha za kitabibu zinavyopima kina cha kuungua

Mtu aliyeungua anapofikishwa hospitalini, daktari hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni sehemu gani ya mwili imeungua, na kwa ukubwa gani. La pili ni moto umepenya kwa kina gani ndani ya ngozi.

Swali la kwanza lina majibu yaliyozoeleka. Tangu mwaka 1951 madaktari wamekuwa wakitumia kanuni ya tisa, iliyoenezwa na daktari Alexander Wallace wa Edinburgh. Kwa mtu mzima, kichwa huhesabiwa kuwa asilimia 9 ya ngozi yote ya mwili, kila mkono asilimia 9, kila mguu asilimia 18, kifua na tumbo asilimia 18, na mgongo asilimia 18. Kwa majeraha madogo, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake huhesabiwa kuwa takriban asilimia 1.

Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo linaloamua iwapo mgonjwa atapelekwa chumba cha upasuaji au ataachwa apone kwa kufungwa dawa. Ni katika swali hilo ambapo teknolojia ya picha imeleta mabadiliko makubwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, watu wapatao 180,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na majeraha ya moto. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na takriban theluthi mbili ya vifo hutokea katika kanda za shirika hilo za Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia. Wengi zaidi hunusurika, lakini hubaki na makovu mazito, vidole vilivyokunjamana au shingo isiyogeuka.

Ugumu uko katikati

Majeraha ya juu juu hutambulika kwa urahisi. Ngozi huwa nyekundu, huuma, na hupona ndani ya siku chache bila kuacha kovu. Majeraha yaliyokwenda chini kabisa hayana utata pia. Ngozi huwa ngumu kama iliyokauka, yenye rangi nyeupe au nyeusi, na mara nyingi mgonjwa hahisi maumivu mahali hapo kwa kuwa neva zimekufa. Jeraha la aina hiyo, lisipokuwa dogo sana, huhitaji kupandikizwa ngozi.

Utata uko kwa majeraha ya kati. Huwa na malengelenge na unyevu, na kwa macho hufanana, lakini mwisho wake hutofautiana. Baadhi hupona yenyewe kabla ya wiki tatu kwa sababu mizizi ya nywele na tezi za jasho, ambamo ngozi mpya huchipuka, bado ni hai. Mengine huchukua zaidi ya wiki tatu, na hapo uwezekano wa kovu nene na la kuvuta huongezeka sana.

Aidha, jeraha hubadilika. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Douglas Jackson, alieleza kuwa jeraha la moto lina maeneo matatu. Katikati ni nyama iliyokufa. Kando yake ni eneo ambalo damu inapita kwa shida, na linaweza kuokoka au kufa katika siku zinazofuata. Nje kabisa ni eneo la wekundu, ambalo kwa kawaida hupona. Kwa hiyo jeraha lililoonekana jepesi siku ya kwanza laweza kuwa zito siku ya tatu.

Uchunguzi mbalimbali umeonyesha kwamba hata wapasuaji wazoefu, wakitumia macho na vidole pekee, hupatia kina cha majeraha ya kati kwa takriban theluthi mbili hadi robo tatu ya wagonjwa. Kosa la upande mmoja humfanya mgonjwa akatwe ngozi ambayo ingepona yenyewe. Kosa la upande wa pili humchelewesha, jeraha likaingia vijidudu na kovu likawa baya zaidi.

Leza inayofuata mwendo wa damu

Teknolojia iliyothibitishwa zaidi katika kazi hii hutumia mwanga wa leza. Msingi wake ni ugunduzi wa mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, aliyeeleza mwaka 1842 kwamba mawimbi hubadilika pale chanzo chake kinaposogea. Ndiyo sababu king'ora cha gari la wagonjwa husikika kikali linapokaribia, na kizito linapokwisha kupita.

Mashine huelekeza mwanga dhaifu wa leza kwenye jeraha bila kuligusa. Mwanga unaogonga chembechembe nyekundu za damu zinazotembea hurudi ukiwa umebadilika kidogo. Kompyuta hupima mabadiliko hayo na kuchora ramani ya rangi. Nyekundu huonyesha damu nyingi inapita, ishara kwamba jeraha litapona mapema. Buluu huonyesha damu kidogo, ishara kwamba halitapona ndani ya wiki tatu. Rangi zilizo kati ya hizo huonyesha hali ya wastani.

Picha hiyo ikipigwa kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kuungua, usahihi wake katika kutabiri kupona huzidi asilimia 90. Mwezi Machi mwaka 2011, taasisi ya NICE, inayoshauri huduma ya afya ya umma nchini Uingereza kuhusu vifaa na dawa, ilipendekeza mashine ya aina hiyo itumike pale kina cha jeraha kinapokuwa na utata. Taasisi hiyo ilisema uamuzi wa kupasua au kutopasua huweza kufikiwa mapema zaidi, na baadhi ya wagonjwa kuepushwa upasuaji usio wa lazima.

Hata hivyo mashine ina masharti. Katika saa 48 za mwanzo majibu yake si ya kutegemewa, kwa kuwa jeraha bado linabadilika. Mgonjwa hutakiwa kutulia, jambo lisilo rahisi kwa mtoto mwenye maumivu, ingawa mashine mpya zaidi humaliza kazi kwa muda mfupi. Vijidudu, michoro ya chale na mabaki ya dawa juu ya ngozi huweza kupotosha picha. Hali kadhalika, bei yake ni kubwa, na inahitaji mtu aliyefunzwa kuisoma.

Kamera ya joto na njia nyingine

Njia nyingine ni kamera inayopima joto la ngozi. Madaktari nchini Kanada waliandika kuihusu tangu mwaka 1961. Mahali penye damu nyingi huwa na joto, ilhali ngozi iliyokufa hupoa. Kamera za aina hii zimekuwa ndogo, na baadhi huunganishwa na simu. Udhaifu wake ni kwamba jeraha lenye majimaji hupozwa na hewa, hivyo hata sehemu iliyo hai yaweza kuonekana baridi.

Ipo pia njia ya kumdunga mgonjwa rangi maalumu kwenye mshipa, kisha kamera huifuatilia inavyong'aa ndani ya mishipa midogo ya jeraha. Watafiti wengine hutumia kamera zinazonasa aina nyingi za mwanga, ukiwamo usioonekana kwa macho, na kuiachia kompyuta kazi ya kutenganisha ngozi hai na iliyokufa.

Simu ya mkononi

Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki, kamera iliyo karibu zaidi ni ya simu. Haipimi mwendo wa damu, lakini humwezesha mganga wa wilayani kumwonyesha jeraha bingwa aliye mbali, na kujua mapema nani asafirishwe na nani atibiwe pale alipo.

Umuhimu wa kuchagua kwa haraka huonekana zaidi wakati wa maafa. Mlipuko wa lori la mafuta mjini Morogoro, Tanzania, Agosti 10, 2019, uliua makumi ya watu siku hiyo hiyo, na idadi ya vifo ikazidi kupanda kwa siku kadhaa majeruhi wakiwa wanatibiwa. Ajali ya namna hiyo ilitokea Sachangwan, Kenya, mwezi Januari mwaka 2009, na kuua zaidi ya watu 100. Majeruhi wanapowasili kwa wingi, vitanda, damu na vyumba vya upasuaji havitoshi, na kila uamuzi wa nani aanze huwa mzito.

Rangi ya ngozi nayo ni suala la msingi. Wekundu unaoelezwa vitabuni hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, na kompyuta iliyofunzwa kwa picha za watu weupe pekee yaweza kukosea kwa Waafrika. Kwa sababu hiyo, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2023 walitumia picha za wagonjwa wa Sweden na wa Afrika Kusini kufunza programu ya kutambua majeraha.

Picha huanza nyumbani

Hakuna kati ya vifaa hivi kinachochukua nafasi ya daktari. Picha huongeza ushahidi. Uamuzi hubaki kwa anayemwona mgonjwa, umri wake, maradhi aliyo nayo na mahali alipoungua.

Lakini ndugu wa mgonjwa wana sehemu yao. Dawa ya meno, majivu, siagi au yai vikipakwa juu ya jeraha huleta vijidudu na hulifunika lisionekane, si kwa jicho wala kwa kamera. Linalofaa ni kumwagia jeraha maji safi ya bomba, yenye ubaridi wa kawaida na si barafu, kwa dakika 20, kuvua pete na bangili kabla ya uvimbe, kulifunika kwa kitambaa safi na kumpeleka mgonjwa hospitalini. Maji hayo hupunguza kina cha jeraha ambacho mashine itakuja kukipima.