Vidokezo na vidirisha ibukizi: Maelezo madogo yenye uzito mkubwa kwenye tovuti

MTU anayejaza fomu ya kodi, ya pasipoti au ya mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao hana karani wa kumwuliza. Akikutana na neno asilolifahamu, au kitufe chenye alama isiyo na maandishi, tegemeo lake ni maelezo yaliyowekwa na watengenezaji wa tovuti hiyo. Maelezo hayo yakikosekana, hukisia. Na kukisia katika fomu ya namna hiyo huweza kumgharimu fedha, muda, hata haki yake.

Ni kwa sababu hiyo watengenezaji wa programu za mtandao hutumia vifaa viwili vidogo: kidokezo na kidirisha ibukizi.

Kidokezo ni maandishi mafupi yanayojitokeza kando ya kitufe pindi kishale cha kipanya kinapopita juu ya kitufe hicho, na kutoweka kishale kinapoondoka. Kidirisha ibukizi ni kikubwa zaidi. Aghalabu hufunguka mtumiaji anapobofya, huweza kubeba kichwa, aya, picha, viungo na vitufe, na hubaki wazi hadi kitakapofungwa.

Tofauti yao si ya ukubwa tu. Kidokezo hufafanua jambo lililopo, wala hakibofywi. Kidirisha humpa mtumiaji nafasi ya kutenda: kuchagua tarehe, kufuata kiungo, kuthibitisha au kughairi. Anayeweka kiungo ndani ya kidokezo humtega msomaji, kwani maandishi hutoweka kabla mkono haujakifikia kiungo.

Vilikoanzia

Vidokezo vilikuwapo kwenye kompyuta kabla ya kuingia katika tovuti. Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa System 7 ukiwa na msaada ulioitwa Balloon Help, ambao ulionyesha maelezo ndani ya vibofu vinavyofanana na vile vya maneno katika vibonzo. Msaada huo ulipowashwa, kibofu kilijitokeza kila kishale kilipogusa kitu, jambo ambalo watumiaji wengi waliliona kuwa usumbufu.

Kampuni ya Microsoft ilifuata njia nyingine: kibandiko kidogo chenye neno moja au mawili, kinachotokea baada ya kishale kutulia kidogo juu ya kitufe. Windows 95 ilikifanya kibandiko hicho kuwa sehemu ya kawaida ya mfumo, ambayo watengenezaji wa programu nyingine waliweza kuitumia.

Katika wavuti, toleo la HTML 4.0 lililopitishwa Desemba 1997 liliruhusu sifa ya "title" iwekwe karibu katika kila sehemu ya ukurasa, na vivinjari vikaionyesha kama kidokezo. Mwaka 2011 wafanyakazi wa Twitter walitoa bure mkusanyiko wa msimbo uitwao Bootstrap, uliokuwa na vidokezo na vidirisha vilivyo tayari kutumika. Tangu hapo vifaa hivyo vilienea katika tovuti nyingi za taasisi na biashara.

Msomaji wa Wikipedia naye anavifahamu, pengine bila kujua jina lake. Mwaka 2018 kamusi elezo hiyo ilianza kuwaonyesha wasomaji wa matoleo yake makubwa kidirisha chenye picha na sentensi za mwanzo za makala, pale kishale kinapotulia juu ya kiungo.

Njia tatu za kuviweka

Njia ya kwanza, na iliyo nyepesi kuliko zote, ni kuandika sifa ya "title" ndani ya msimbo wa kitufe. Haihitaji programu yoyote ya ziada. Hata hivyo, mwonekano wake haubadilishiki, na kwa kawaida haumfikii anayetumia kibodi pekee wala anayegusa kioo cha simu. Kiwango cha HTML chenyewe kinashauri sifa hiyo isitegemewe.

Njia ya pili ni kutumia maktaba ya msimbo kama Bootstrap. Mtengenezaji huweka alama kwenye kitufe, kisha huandika mstari wa JavaScript wa kukiwasha kidokezo. Wengi hujikwaa hapo, kwa kuwa katika Bootstrap vidokezo na vidirisha haviwaki vyenyewe. Ni lazima viwashwe kwa makusudi, ili ukurasa usielemewe na kazi usiyoihitaji.

Tatizo jingine huhusu kitufe kilichozimwa. Kivinjari hakipeleki taarifa za kishale kwa kitufe cha namna hiyo, hivyo kidokezo chake hakitokei. Lakini kitufe kilichozimwa ndicho kinachohitaji maelezo kuliko vyote, kwa sababu mtumiaji anataka kujua kwa nini hawezi kuendelea. Dawa yake ni kukizungushia kitufe kifungashio, kisha kidokezo kikawekwa kwenye kifungashio hicho na kuwezeshwa kufikiwa kwa kibodi. Iliyo bora zaidi ni kuandika sababu hiyo waziwazi chini ya kitufe.

Njia ya tatu ni ile iliyomo ndani ya vivinjari vyenyewe. Mtengenezaji huipa sehemu ya ukurasa sifa ya "popover", kisha hukiunganisha kitufe na sehemu hiyo kwa sifa ya "popovertarget". Kivinjari hushika kazi iliyobaki: hukifungua kidirisha, hukiweka juu ya vitu vyote vya ukurasa, na hukifunga mtumiaji anapobofya nje yake au anapobonyeza kitufe cha Esc. Chrome ilianza kuikubali njia hiyo Mei 2023, Safari ikafuata Septemba mwaka huo, na Firefox Aprili 2024.

Mahali pa kusimama

Kazi ngumu katika ufundi huu ni kuamua kidokezo kisimame wapi. Kitufe kilicho ukingoni mwa skrini hakiachi nafasi ya maandishi upande huo. Kwa hiyo programu hupima ukubwa wa maandishi, nafasi iliyobaki kila upande na kiasi ambacho ukurasa umesogezwa, ndipo ikiamue kidokezo kisimame juu, chini, kushoto au kulia. Nafasi isipotosha, hukigeuzia upande wa pili.

Aidha, kidokezo kilichomo ndani ya kisanduku kinachoficha vitu vinavyozidi mipaka yake hukatwa nusu. Kwa miaka mingi watengenezaji walikwepa tatizo hilo kwa kukihamishia kidokezo mwishoni mwa ukurasa na kukipa namba kubwa ya tabaka. Vidirisha vya "popover" haviyahitaji hayo, kwani vina tabaka lao la juu. Mei 2024 toleo la 125 la Chrome liliongeza uwezo wa kukifunga kidirisha kwenye kitufe chake kwa CSS pekee, bila mahesabu ya JavaScript.

Wasiotumia kipanya

Vidokezo vilibuniwa kwa ajili ya kipanya. Ujio wa iPhone mwaka 2007, na simu nyingine za kugusa zilizofuata, ulivuruga msingi huo, maana kidole hakielei juu ya kitufe: ama kimekigusa ama hakijakigusa. Maelezo yaliyofichwa katika kidokezo yakawa hayaonekani kwa mtu ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee. Kwa wasomaji hao, alama ndogo ya kuuliza inayofungua kidirisha inapoguswa ni msaada wa kuaminika zaidi.

Kundi jingine ni watu wenye ulemavu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.1, uliotolewa Juni 2018, unaweka masharti matatu kwa maandishi yanayojitokeza kishale kinapopita au kibodi inapofika. Mtumiaji aweze kuyaondoa bila kuhamisha kishale. Aweze kupeleka kishale juu ya maandishi yenyewe bila kuyapoteza. Na yabaki hadi atakapoondoka, atakapoyafunga au yatakapokuwa hayana maana tena.

Masharti hayo yana sababu. Mtu mwenye uoni hafifu hukuza skrini mara kadhaa, hivyo kidokezo huweza kufunika kile alichokuwa akikisoma, au kuangukia nje ya eneo analoliona. Asipoweza kukifikia wala kukiondoa, msaada hugeuka kizuizi.

Kwa wasioona kabisa, programu za kusoma skrini hutegemea msimbo. Kidokezo hupewa wajibu wa "tooltip", na kitufe huunganishwa nacho kwa sifa ya "aria-describedby", ili jina la kitufe likishasomwa maelezo yake yafuate. Bila uhusiano huo, kidokezo huonekana kwa wanaoona tu.

Upande wa usalama

Baadhi ya watengenezaji huruhusu msimbo wa HTML uingie katika vidokezo na vidirisha. Hatari huzuka pale maudhui hayo yanapotoka kwa watumiaji, kama vile jina la mteja au maoni yake. Mtu mwenye nia mbaya huweza kuandika msimbo badala ya jina, nao ukatekelezwa katika kivinjari cha ofisa anayefungua kumbukumbu hiyo.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Februari 2019 Bootstrap ilitoa matoleo ya 3.4.1 na 4.3.1 kuziba udhaifu wa aina hiyo katika vidokezo na vidirisha vyake, na kuongeza kichujio kinachoondoa msimbo usioruhusiwa. Tovuti zinazotumia matoleo ya zamani zaidi ya hayo hazina kinga hiyo, na wasimamizi wake hawana budi kuyaboresha.

Lugha ya vidokezo

Ufasaha wa lugha nao una nafasi yake. Tangu mwishoni mwa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, imeonekana wazi kwamba kutafsiri programu si kubadilisha maneno pekee.

Mfano ni ujumbe unaoungwa na kompyuta kwa kuchomeka jina ndani ya sentensi iliyo tayari. Kwa Kiswahili, picha imefutwa, faili limefutwa, na vitabu vimefutwa. Sentensi moja haiwezi kuyatosheleza majina yote, kwa kuwa kila ngeli hudai kiambishi chake. Inafaa kila ujumbe uandikwe mzima, na upana wa kidokezo usifungwe kwa kipimo cha maneno ya lugha nyingine. Mfasiri naye aonyeshwe mahali maneno yatakapotokea, asije akafasiri gizani.

Kipimo cha kuamua lipi liingie katika kidokezo ni hiki: je, mtumiaji asipoyaona maelezo hayo, atakosea? Ikiwa jibu ni ndiyo, maelezo hayastahili kufichwa. Ada, tarehe ya mwisho, masharti ya nywila na matokeo ya kubofya "Wasilisha" yawekwe mahali pa wazi, yasomwe na kila mtu, awe na kipanya, na simu, au na programu inayomsomea. Kidokezo kibakie na kazi yake ya asili, ambayo ni kutaja jina la alama na kufafanua neno geni. Kidirisha kibebe maelezo ya ziada kwa anayeyahitaji.