Wasomaji wa Hadithi ya Mzambarau

Mpaka wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, umewagawa Wanyamwanga katika dola mbili: wengine ni raia wa Tanzania, wengine ni raia wa Zambia, na lugha yao ni moja pande zote mbili. Hadithi nayo huvuka mipaka kwa namna hiyo. Maneno yake hubaki yale yale, lakini kila nchi na kila baraza huyapokea kwa sheria zake na hofu zake. Mfano ulio wazi katika Afrika ya Mashariki ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iitwayo Jambula Tree, na jambula ndiyo zambarau.

Hadithi hiyo ilipigwa chapa kwa Kiingereza mwaka 2006, katika mkusanyo wa hadithi za mapenzi za Kiafrika uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana. Imeandikwa kwa namna ya barua. Anyango anamwandikia Sanyu, mwenzake wa tangu utoto katika nyumba za Nakawa, Kampala. Wasichana hao walipendana, wakafumaniwa chini ya mzambarau na jirani, Mama Atim. Sanyu akapelekwa London, na barua inaandikwa wakati kurudi kwake kunapongojewa.

Hivyo msomaji wa kwanza wa mapenzi hayo yumo ndani ya hadithi yenyewe. Mama Atim aliona, akafasiri, akatangaza. Na tafsiri yake ikawa hukumu ya mtaa mzima. Barua ya Anyango haikupata jibu katika hadithi. Majibu yalitoka kwa wasomaji.

Jibu la kwanza kubwa lilikuwa la heshima. Mwaka 2007 waamuzi wa Tuzo ya Caine, wakiongozwa na Jamal Mahjoub, waliichagua hadithi hii kuwa bora, na mwandishi wake akawa Mganda wa kwanza kuishinda tuzo hiyo. Lakini mwaka 2009 muswada wa kuongeza adhabu kwa wapendanao wa jinsia moja ulipelekwa katika Bunge la Uganda. Ukawa sheria mwaka 2014, ukatanguliwa na Mahakama ya Katiba mwaka huo huo kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia, na sheria nyingine ikatiwa sahihi mwaka 2023. Aliyeisoma barua ya Anyango baada ya hayo aliisoma akijua kwamba jirani kama Mama Atim amepata nguvu ya dola nyuma yake.

Jibu la pili lilitoka Kenya. Wanuri Kahiu aliifanya hadithi hiyo kuwa filamu, akaihamishia Nairobi, akaiita Rafiki, kwa kuwa wapendanao wa namna hiyo mara nyingi hulazimika kumtambulisha mpenzi kwa jina la rafiki. Mwaka 2018 ilionyeshwa Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha hilo. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, Bodi ya Filamu ya Kenya ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku. Bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, Kahiu akakataa.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kilichoudhi zaidi si kwamba mapenzi hayo yalionyeshwa, bali kwamba hayakujutiwa. Kama wasichana wangalimaliza kwa toba au kwa maangamizi, huenda filamu ingalipita. Bodi ilielewa vyema kwamba nguvu ya hadithi imo katika mwisho wake.

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliliondoa katazo kwa siku 7, na watazamaji wakajaza majumba ya sinema ya Nairobi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu hiyo hiyo ikalithibitisha katazo. Majibu mawili kinyume yalitoka katika nyumba moja ya haki.

Nyumba za Nakawa zilibomolewa mwaka 2011. Barua ya Anyango ingali ikisomwa, na kila aisomaye hukaa ama upande wa Mama Atim, aliyeona akatangaza, ama upande wa Anyango, anayengoja. Mwandishi hakumlazimisha mtu kuchagua; lakini baada ya kusoma hadi mwisho, ni vigumu kukaa katikati.