Tarakimu Ishirini za Umeme

Kuzalisha umeme mbali na miji si elimu ngeni Afrika Mashariki. Penye mto wenye mteremko turbini itazunguka, na dizeli ikifika jenereta litawaka. Kilichowatoa jasho waendeshaji wa gridi ndogo kwa zaidi ya miaka mia moja ni kuugawa umeme huo, kuupima na kuulipisha bila kugombana na majirani.

Wajerumani walipoleta umeme wa huduma Dar es Salaam mwaka 1908, uliwahudumia watu wachache: karakana za reli na sehemu ya mji. Mwaka 1931 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO. Kila mji ulijitegemea kwa mtambo wake. Gridi ya taifa ilikuja baadaye sana, na hata ilipokuja, Kigoma na Mafia ziliendelea kwa miaka mingi kuunguruma na majenereta yao. Misheni za nyanda za juu kusini nazo zilitega mito yao zenyewe. Desturi hiyo haijafa: Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, wana mtambo wa Tulila wa megawati 5, uliokamilika mwaka 2015, na umeme wake huuzwa TANESCO.

Katika mtambo mdogo wa maji, meneja wa kwanza wa gridi alikuwa fundi wa zamu. Umeme wa kwetu unapaswa kupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine ya kusaga ikiwashwa, turbini inalemewa na kupungua mwendo, na ikizimwa inakimbia kupita kiasi. Fundi aliusikiliza mlio wake, akakaza au kulegeza vali ya maji, mchana na usiku. Kisha kikaja kidhibiti mzigo cha kielektroniki, kilichoenea katika mitambo midogo ya maji miaka ya 1980. Kifaa hiki kinahesabu mizunguko, na umeme usio na mtumiaji kinaupeleka kwenye hita zilizozamishwa majini, ili turbini ione mzigo uleule wakati wote. Fundi akapata usingizi.

Kulipisha kulibaki palepale. Pasipokuwa na mita, mteja alilipa kwa idadi ya taa zake. Utaratibu huo ni rahisi, lakini unamwadhibu mwaminifu, kwa sababu jirani akichomeka pasi kwa siri taa za mtaa mzima zinafifia, na hakuna ushahidi wa kumpeleka kwenye kamati. Gridi nyingi zilidhoofika kwa sababu hiyo huku mashine zake zikiwa nzima. Kadiri fedha za wateja zilivyopungua, ndivyo vipuri vilivyokosekana.

Ufumbuzi mmoja ulitoka Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi hiyo ilipokuwa ikijiandaa kuwafikishia umeme mamilioni ya watu walionyimwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Wahandisi wake walitunga mfumo wa tarakimu 20. Mteja analipa, anapewa namba, anaibofya kwenye mita, na mita inatambua peke yake kama namba hiyo ni yake na ina uniti ngapi. Haihitaji waya wa simu wala mtandao. Siri yote imefungwa ndani ya namba. Watanzania wanauita mfumo huo LUKU, Wakenya wananunua tokeni, na huko Rwanda na Burundi watu husema cash power. Baadhi ya gridi ndogo za vijijini zimefungwa mita za aina hiyo hiyo.

Simu za mkononi zikafungua njia nyingine. Huduma ya fedha za simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye, mradi wa SharedSolar wa Chuo Kikuu cha Columbia uliunganisha nyumba za Ruhiira, Uganda, na mitambo midogo ya sola. Mteja alinunua kadi ya kukwangua kama ya muda wa maongezi, akatuma namba yake kwa ujumbe mfupi, na taa zikawaka. Kenya ikazaa SteamaCo, iliyotengeneza mita zinazoongea na kompyuta ya mbali kupitia mtandao wa simu. Tangu hapo mwendeshaji aliyeko Nairobi ameweza kuona betri ya kijijini imebaki na chaji kiasi gani, nani amevuka kiwango chake, na laini ipi inavuja.

Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kiliunganishwa na gridi ya sola ya kampuni ya JUMEME mwaka 2016, kwa malipo ya kabla. Wavuvi na wauza vinywaji baridi hawakuhitaji tena kungoja mafuta yavuke Ziwa Victoria. Lakini umeme huo ulikuwa ghali mara nyingi zaidi ya wa TANESCO, kwa sababu bei ilibeba gharama za betri, nguzo na mkopo. Mwaka 2020 serikali iliagiza gridi hizo ziuze umeme kwa bei ya TANESCO, Sh100 kwa uniti kwa watumiaji wadogo. Ndani ya programu ya mita, agizo kama hilo ni tarakimu moja inayobadilishwa kwa dakika. Kwenye vitabu vya kampuni lilikuwa pengo ambalo hakuna programu inayoweza kuliziba, na wawekezaji walisita.

Hapo ndipo historia hii inapogusa haki. Mwanakijiji wa Ukara alistahili bei nafuu kama mkazi wa Mwanza, na aliyejenga mtambo alistahili kurudishiwa fedha zake. Ruzuku ndiyo ingewaridhisha wote wawili, tena takwimu za kuikokotoa zipo, kwa kuwa mita hizi huandika matumizi ya kila nyumba. Takwimu hizo zingepaswa kufika pia kwenye serikali ya kijiji, kwa Kiswahili, ili mkutano mkuu ujadili umeme kama unavyojadili maji na barabara.

Mfumo wa tarakimu 20 nao ulikuwa na deni lake. Kila tokeni hubeba muhuri wa dakika ilipotengenezwa, zikihesabiwa tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikwisha Novemba 24, 2024. Miezi kadhaa kabla, TANESCO na Kenya Power ziliwaongoza wateja kuingiza namba mbili za tarakimu 20 kabla ya tokeni ya kawaida, kwani mita isiyohuishwa isingepokea uniti mpya. Kwa walio mjini lilikuwa jambo la dakika chache. Mwendeshaji mdogo mwenye mita za zamani alipaswa kuzipitia nyumba hadi nyumba. Mita zilizohuishwa sasa zinahesabu kuanzia mwaka 2014, na dakika zake zitakwisha Novemba 2045.