Waliotoka Takwa

Nilifika Lamu mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, nikiwa na begi moja, laptopu yenye ufa kwenye kioo na uongo mmoja. Uongo wenyewe ulikuwa kwamba niko mwaka wa mwisho chuoni Nairobi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha masomo karibu mwaka mzima. Karo ilinishinda, hamu nayo ikaniisha, na mpaka leo sijui ni ipi iliyotangulia. Nilikuwa naishi kwa kuwaandikia watu makala mtandaoni kwa bei ya kutupa. Rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi jikoni kwenye nyumba moja ya wageni huko Shela akanipigia simu: kuna chumba nyuma ya kijiji, kodi yake ni ndogo, na jirani hajali ukitumia intaneti yake. Nikapanda basi.

Mamangu yuko Kitui. Nilimwambia naenda Lamu kufanya utafiti. Neno hilo "utafiti" lilimtosha, hakuuliza zaidi, ila alinikumbusha kwamba kuna mbuzi ameanza kumnenepesha kwa ajili ya siku nitakayovaa joho.

Basi linaishia Mokowe, bara. Kisiwani unavuka kwa boti, na ukishuka mjini Lamu unaendelea kwa miguu au kwa punda. Kwenda Shela ni kama kilomita tatu ukifuata ufuo. Siku ya kwanza nilienda bila kuuliza, nikakuta njia imemezwa na maji, nikamalizia safari na begi kichwani na suruali imelowa hadi mapajani. Watoto walinicheka vizuri sana. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujua habari ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu yanayokuja katikati, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kwetu tunahesabu misimu miwili ya mvua, na mara nyingi hata hiyo inatudanganya. Huku bahari huja na kwenda mara mbili kwa siku, na kila kitu kinaisubiri: uvuvi, safari, hata kuchukua mchanga wa kujengea.

Wiki za mwanzo niliandika kidogo na kuzurura sana. Alfajiri nilikuwa napanda vilima vya mchanga nyuma ya kijiji, kisha nateremka ufuoni na kutembea mpaka jua linifukuze. Ufuo huo una urefu wa kama kilomita 12, na niliumaliza mara moja tu, nikarudi nyayo zimeiva. Vijana wa mashua walinifundisha kukaa juu ya ule ubao unaotokeza nje ya dau ili uzito wako ulizuie lisilale upepo ukizidi. Nilianguka mara mbili. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, nikajua nimeanza kuzoeleka.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni kisima cha mwenye nyumba wangu. Mimi nimelelewa nikifuata maji kwa punda, tukichimba mchanga wa mto mkavu mpaka yatokee. Huyu mama alikuwa na kisima uani, hatua chache tu kutoka bahari ya chumvi, na maji yake yalikuwa matamu. Nilimuuliza inawezekanaje. Akanijibu kama anayemweleza mtoto: mvua ikinyesha, vile vilima vinayanywa maji na kuyaweka. Baadaye nikasoma na kukuta ndivyo hasa. Maji ya mvua huchujwa na mchanga mpaka chini, na kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu yake kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Ukiteka kwa kiasi, unakunywa. Ukipita kiasi, chumvi inapanda. Mji wa Lamu wenyewe hunywa kutoka huko, ndiyo maana watu hapa hukasirika wakiona mtu anataka kujenga juu ya vilima.

Siku hiyohiyo aliniuliza, "Nawe watoka wapi?"

"Kitui."

"Sisi twatoka Takwa," akasema, akinyoosha kidole ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye kisiwa cha Manda. Alisema kama mtu aliyehama mwezi uliopita. Nilipofuatilia nikakuta wenyeji wa Takwa waliondoka yapata mwaka 1700.

Hapo ndipo ule uongo wa utafiti ulipoanza kuwa kweli kidogo.

Takwa ilikuwa na watu tangu karne ya 15 au ya 16, na uhai wake haukuzidi sana miaka 200. Kwa mji wa mawe huo ni umri mdogo. Upande wa pili wa kisiwa hichohicho kuna mji wa Manda ulioanza karne ya 9 na ukadumu kwa mamia ya miaka. Nao ulikufa. Habari za Pate, yaani tarehe ya wafalme wa Pate iliyosimuliwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, zinaeleza jinsi Pate ilivyoupiga mji huo na watu wake wakatawanyika, wengine wakaja kujificha Shela chini ya hifadhi ya watu wa Lamu. Kwa hiyo Shela imepokea waliohama zaidi ya mara moja. Ukikuta kijiji ambacho karibu kila mmoja ana hadithi ya kuvuka, inakuwa vigumu kidogo kujua ni nani wa kumwita mgeni.

Darasani, kabla sijaacha, tulisomeshwa juu juu kwamba miji hii ilijengwa na Waarabu waliokuja na majahazi. Ndivyo walivyoamini wachimbuaji wa mwanzo, akiwemo James Kirkman, ambaye alifanya kazi Takwa mwaka 1951. Walifika na wazo hilo tayari kichwani. Kisha miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe kuna msikiti mwingine mdogo zaidi, na chini yake mwingine, mpaka ukafika kwenye majengo ya miti na udongo ya karne ya 8. Yaani watu wa hapahapa ndio waliojenga kwa kile walichokuwa nacho, na mawe yakaja baadaye. Bibi wa kisima hakuhitaji kuchimba ili ajue hilo.

Mwezi wa Machi nikamwomba nahodha mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu, anipeleke Takwa. Akakubali kwa sharti moja: twende na maji, turudi na maji. Njia ya kwenda Takwa ni mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na chombo hakipiti humo ila maji yakiwa yamejaa. Ilikuwa bamvua, siku moja baada ya mwezi mpevu. Tukaingia saa tisa alasiri, maji yangali yanapanda, mizizi ya mikoko imezama yote na majani yanagusa tanga. Akaniambia nina saa mbili.

Nilikuwa nimetarajia magofu mawili matatu. Takwa ni mji kamili uliokosa paa. Kuna ukuta ulioizunguka, kuna misingi na kuta za nyumba za matumbawe, kuna mibuyu imeota mahali watu walipokuwa wakilala. Nyumba nyingi zimeelekea kaskazini, maana kutoka hapa Makka iko karibu kaskazini kabisa. Msikiti mkuu umesimama kuliko majengo mengine, na juu ya ukuta wake wa kibla kuna nguzo, jambo ambalo sijaliona mahali pengine. Wapo wanaosema imesimama juu ya kaburi la mtu mwema.

Nje ya ukuta kuna kaburi lenye nguzo, na kwenye kaburi hilo mwaka umeandikwa: 1094 wa Hijria, ambao ni takriban 1683. Hata siku hizi watu wa Shela huvuka kuja kuzuru hapo, wakasoma dua na kuomba mvua. Hilo lilinigusa mahali. Miaka zaidi ya 300 baada ya kuondoka, bado wanarudi kwa wazee wao kuzungumza habari ya maji.

Sababu ya kuhama inayotajwa sana ndiyo hiyo, maji. Visima viligeuka chumvi. Wengine huongeza ugomvi na Pate, na mambo hayo mawili hayapingani: mtu mwenye kiu hapigani vizuri. Nilikaa nimeegemea ukuta wa nyumba moja nikajaribu kufikiria jioni ya kwanza ambayo mtu alionja maji akanyamaza. Kesho yake akaonja tena. Bila shaka wapo waliosema ni mambo ya kupita, tusubiri masika. Wapo walioona aibu kuondoka kwenye nyumba ya mawe, yenye choo ndani na birika, wakaanze upya kwenye mchanga wa watu. Niliwaza hayo kwa muda mrefu. Nitakuwa mkweli: nilikuwa najiwazia mimi mwenyewe, nikijificha nyuma ya Wataka. (Sijui kama hivyo ndivyo walivyoitwa.)

Nahodha aliita mara ya kwanza nikasikia. Akaita tena, "Ndoo, mai yapwa!" nikamjibu naja. Nilipofika kwenye chombo jua lilikuwa linazama na mzee alikuwa amekaa kimya, ule unyamavu wa mtu anayejizuia kutukana. Tukasukuma. Tulikwenda labda mita mia mbili, kisha dau likagusa tope, likajikuna, likasimama. Kiswahili kina neno moja kwa hilo, kupwelewa, na usiku ule nililielewa vizuri.

"Mpaka saa nane," akasema. Saa nane za usiku.

Tope la mikoko lina harufu yake, na mbu wake. Maji yakaendelea kushuka mpaka mizizi yote ikawa nje, kaa wakaanza kutembea, na dau likalala ubavu. Simu haikushika mtandao. Niliomba radhi, na nahodha hakusema si kitu, kwa sababu ilikuwa kitu, alikuwa amekosa swala ya jamaa na chakula cha mkewe. Lakini mwezi ulipochomoza akalainika kidogo, akanigawia haluwa iliyokuwa mfukoni mwake, akaanza kunieleza kwamba sisi si wa kwanza.

Alikuwa akisema habari ya vita vya Shela. Mnamo 1812 au 1813 Mazrui wa Mombasa, wakiwa pamoja na Pate, walileta jeshi kwa vyombo wakashuka ufuoni Shela ili waitie Lamu mkononi. Watu wa Lamu wakawapiga. Walipogeuka kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yameshapwa, na vyombo vimekaa mchangani kama chetu. Wengi waliuawa palepale ufuoni. Nahodha anasema upepo ukifukua vilima mifupa huonekana. Mimi nimetembea vilima hivyo tangu Januari bila kujua ninakanyaga nini.

Ushindi huo ulikuwa na bei. Kwa kuogopa kwamba Mombasa itarudi, watu wa Lamu waliomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, naye akaleta liwali na askari. Ngome iliyo mjini Lamu ikakamilika mnamo 1821, na 1837 Mombasa yenyewe ikaanguka mikononi mwa Seyyid. Sehemu kubwa ya pwani ikawa chini ya Busaidi. Nisingethubutu kuandika kwenye mtihani kwamba hayo yote yalitokea kwa sababu watu hawakuangalia maji, lakini katikati ya tope, saa tano usiku, niliona hoja hiyo ina nguvu.

Shela baada ya hapo ilistawi. Msikiti wake wa Ijumaa, ule wenye mnara mweupe kama mshumaa mnene, ulijengwa 1829. Waliokuja kuomba hifadhi sasa ndio wenyeji wanaowapokea wengine. Siku hizi wanaokuja zaidi ni Wazungu na watu wa Nairobi wenye pesa, wananunua nyumba na kuchimba mabwawa ya kuogelea. Nilimuuliza nahodha anawaonaje. Akafikiri. "Wakijua kuteka maji, wakae," akasema, akavuta shuka usoni.

Maji yalirudi bila kelele. Kwanza kaa walitoweka, kisha mizizi ikaanza kuzama, kisha dau likajiinua kidogo kidogo mpaka likasimama wima, na mzee akaamka bila kuamshwa. Tulitoka kwa upondo mpaka mlangoni, ndipo tanga likapanda. Karibu na Shela simu ikapata mtandao. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa mamangu, wa saa moja jioni. *Mbuzi amenona. Tarehe ni lini?*

Nilimpigia baada ya alfajiri nikiwa nimekaa juu ya kilima, tope limekauka miguuni. Nilimweleza yote, la karo, la kuacha, la mwaka mzima wa kumdanganya. Hakupiga kelele. Alinyamaza kwa muda hata nikaangalia kama simu imekatika. Kisha akasema mbuzi atamuuza, na kwamba tutazungumza vizuri hasira zikimtoka. Nikasema sawa, mama. Nilifikiri amekata.

"Na huko," akauliza, "maji si ya chumvi?"

Nikamwambia ni matamu.