Harufu ya Makumbi

Lilikuwa gari kuukuu, lililokwisha kupita katika mikono ya watu wanne kabla ya kunifikia mimi, na katika masika ya mwaka wa pili tangu nilinunue lilianza kunuka. Kila juma nilikuwa nikiliendesha kutoka Bagamoyo hadi Ubena Zomozi, kwa njia ya Msata na Chalinze, na uvundo wenyewe ulipanda kadiri jua lilivyopanda, hata ikikaribia adhuhuri abiria wangu hushusha vioo bila ya kuniomba ruhusa, kisha wakanyamaza kimya kile cha watu wenye adabu.

Katika jambo la harufu kila mtu ni kadhi. Mmoja alihukumu kwamba panya amefia nyuma ya dashibodi. Mwengine alisema ni papa mkavu aliyesahauliwa katika buti, na tuhuma hiyo haikuwa baidi, kwa kuwa gari la Bagamoyo lisilowahi kubeba ng'onda ni nadra kuonekana. Fundi wa Ubena, kijana wa Kiluguru, aliituhumu betri, maana betri ipatayo moto kupita kiasi hutoa harufu ya yai bovu. Tulifungua boneti tukaiona betri ni salama; tukang'oa kapeti tukakuta maji, kwani mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umekauka na kupasuka, na vile vitundu vya kutolea maji chini ya kioo vilikuwa vimezibwa na majani ya mwembe ambao gari hulala chini yake. Tukaziba palipopasuka, tukazibua palipozibana, tukaanika kapeti siku mbili, na uvundo ukabaki vile vile.

Aliyeutambua alikuwa bibi mmoja wa Mlingotini, aliyepanda gari langu kwenda kumtazama binti yake Ubena. Hatujafika hata Msata akanigusa bega akaniuliza, "Mwanangu, mbona umefukia makumbi humu garini?" Nikacheka. Tulipofika kwa fundi tukatoa kiti cha nyuma, tukapasua kitambaa chake kwa kisu, na ndani, juu ya springi zilizoshika kutu, tukakuta usumba mtupu, wa rangi ya kahawia, umelowa chepechepe. Mmoja wa wale wanne walionitangulia alikuwa amempelekea fundi wa makochi kiti kilichobonyea, naye akakijaza kwa kile ambacho pwani yetu imejazia magodoro tangu zamani.

Yafaa nieleze, kwa ajili ya vijana waliozaliwa katika zama za nailoni, usumba hupatikanaje. Nazi ikisha kufuliwa, makumbi yake hayatupwi. Huchukuliwa hadi ufukoni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, yakafukiwa katika mchanga au tope na kukandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na mawimbi, na humo hukaa miezi mingi. Nyuzi za kumbi zimeshikamana kwa utomvu mgumu, na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, viishivyo pasipo hewa, huula utomvu huo pole pole na kuziachia nyuzi huru. Ila katika karamu yao hutoa ile hewa ya yai bovu, na siku ya kufukua, aliye upande wa chini ya upepo hana haja ya kuambiwa kazi gani inafanyika. Kisha wanawake, ambao kazi hii ni yao tangu mwanzo hadi mwisho, huyaponda makumbi kwa magongo, huyaosha, huyaanika, na nyuzi zikisha kukauka huzisokota kwa viganja kuwa kamba. Mpaka zama zetu hizi kazi hiyo imeonekana katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje, Bwejuu na Jambiani. Nguo za kazi hiyo hazichanganywi na nguo nyingine, alisema bibi wa Mlingotini, na mwanamume aliyeoa katika nyumba ya makumbi hujifunza kutouliza.

Na tusidhani kwamba ilikuwa kazi duni. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kielezacho safari za bahari hii, kimetaja vyombo vya kushonwa katika mwambao wetu, na mji wa Rhapta, ambao mahali pake wataalamu wangali wakibishania, ulipata jina lake kwa vyombo hivyo. Wareno walipofika Msumbiji mwaka 1498 walistaajabu kuona majahazi yasiyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza sababu kwa ufasaha: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa kwa usumba hulegea kidogo na kuokoka. Mtepe wa visiwa vya Lamu, uliochukua boriti kusini na kaskazini kwa tanga la mkeka, ulikuwa wa mwisho wa ukoo huo, na haukutoweka kabisa hata miaka ya 1930. Hata vyombo vilivyokwisha kukubali misumari viliendelea kuutegemea usumba kwa amari za nanga na kwa henza, kwa sababu maji ya chumvi yaozeshayo kamba nyingine hayaudhuru upesi, nao huelea na kuvutika.

Kilichouangusha usumba si kitu kimoja. Kamba ya ulaiti ilikuwa imekwisha kuingia na merikebu za Wazungu. Kisha mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida, ikaokoka 62 tu katika elfu moja, na kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga na Pangani na ya Ngerengere, yasiyo mbali na Ubena, hata ikawa mwaka 1964 nchi yetu inatoa tani zaidi ya 200,000 za katani. (Mabaki ya mkonge nayo hunuka nyuma ya kiwanda, lakini mshahara hutuliza pua.) Bagamoyo yenyewe ilikuwa imekwisha kuondolewa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, na reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907 ikazichukua bidhaa za bara, vyombo vikapungua bandarini, na pasipo vyombo nani atanunua amari?

Lenye kunichekesha ni kwamba Ulaya, iliyotuletea ulaiti, iliununua usumba wa nchi za nazi kwa ajili ya magari: viwanda vya Kijerumani, Volkswagen kikiwa kimojawapo, vilichanganya nyuzi hizo na utomvu wa mpira kujazia viti, na wapenda magari ya kale huitambua mara moja harufu yake ukiwa mkavu, nao huipenda. Ukilowa katika kiti kilichofungwa, katika joto letu, usumba hurudia mambo ya ufukoni.

Fundi alitaka kuuchoma. Bibi akamkataza, akauosha kwa maji ya kisima ndoo baada ya ndoo, akauanika juu ya bati siku tatu alizokaa kwa bintiye, kisha akautia katika kikapu akarudi nao Mlingotini, nami nikajaziwa kiti kwa sponji. Baada ya mfungo wa Ramadhani akaniletea kamba ya pima tatu, isiyo na harufu yoyote. Ndiyo ninayofungia buti mpaka leo, kwa kuwa kitasa chake kimekwisha haribika.