Sensa za Kale na Majina ya Wazee Wetu

Wazee wetu waliotoka Kathiawar na Kutch walivuka bahari kwa majahazi na meli, kisha wakaingia bara. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, na almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940, maduka na biashara ya pamba viliwavuta wengi Shinyanga, Kolandoto na hadi Geita.

Serikali ya Tanganyika iliwahesabu mwaka 1931 na 1948. Mwaka 1952 ikafanya sensa ya wasio Waafrika peke yao, na mwaka 1957 ikahesabu tena. Ripoti zilizochapishwa zatupa idadi, majina hayamo. Zatuonyesha jamii yetu ilikua lini, lakini hazitwambii babu ya nani alifungua duka gani. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza asili ya mtu. Uamuzi huo ulijenga umoja wa taifa. Mtafuta nasaba sharti atafute kwingine.

Kwingine ni wapi? Ni katika chopda za duka tunazozifanyia puja kila Diwali, orodha za michango ya mandir, leseni za kale, na vitabu vya Barot kule Gujarat, watunza nasaba wa koo. Zaidi ya yote, ni katika vinywa vya wazee, ambao kila mwaka wanapungua.

Basi tunaziomba familia zote, katika mwaka huu wa kumbukumbu, ziandike majina ya vizazi vitatu, kijiji cha asili na mahali pa duka la kwanza, na nakala moja ihifadhiwe hekaluni.